Kaangalie Nani Yuko Mlangoni

Jumanne, Agosti 26

Nimerudi kutoka somo la kwanza na hasira zangu zote, kwa hiyo naandika. Nisipoandika nitavunja sahani, na sahani zenyewe ni za Mama Mkubwa Verdell.

Kwanza ile fomu. Mfuko wa Meza Pana unatoa ruzuku ya dola elfu kumi na tano kwa sisi weusi wenye biashara ndogo za chakula hapa Memphis. Jambo jema, sikatai. Lakini swali la nne lilisema: "Eleza ugumu uliopitia kwa sababu ya rangi yako. Usizidi maneno mia mbili." Mia mbili! Siku moja tu ya marehemu mama yangu haienei humo. Nikajibu: "Mimi ni Earline Suggs. Nimepika jikoni mwa shule miaka ishirini na sita na achari yangu ni nzuri. Ugumu ninao, lakini siuuzi." Nilidhani wataitupa. Wakanichukua.

Achari ninayosema ni chauchau ya kwetu: nyanya mbichi za mwisho wa bustani, kabichi, pilipili hoho, vitunguu, siki kidogo, sukari, manjano na mbegu za haradali. Unaiweka juu ya kunde, mkate wa mahindi pembeni, unasahau nani alikuudhi. Naipika na Mama Mkubwa, dada yake mama, ana miaka themanini na minne. Tunauza chupa arobaini kwa wiki, Jumamosi sokoni na Jumapili baada ya ibada. Hatuwezi kupita hapo kwa sababu sufuria yetu ni ile ile ya bibi yangu.

Ruzuku ingetununulia sufuria kubwa ya mvuke na kutulipia jiko lenye leseni. Masharti ni matatu: kuhudhuria angalau masomo manane kati ya kumi na mawili, kila Jumanne saa kumi na mbili jioni; kuandika mapishi; na achari ipite maabara kabla ya Novemba 21. Ukishindwa, nafasi yako anapewa mwingine.

Mwalimu anaitwa Thaddeus Broadnax, mweusi mwenzetu, katoka Nashville. Amefunga tai ya kipepeo na mikono yake haina kovu hata moja la mafuta. Akatuuliza, "Mkiumwa nyie, nani anapika?"

Cleophus Yancy, yule jitu anayekaanga kambare pale kona, akajibu, "Hapiki mtu, Mwalimu. Wateja wanafunga na kuomba."

Tukacheka mpaka viti vikalia. Mwalimu hakucheka. "Basi huna biashara, Bwana Yancy. Una kipaji tu."

Maneno hayo yamenikaa kooni njia nzima.

Jumamosi, Agosti 30

Joto la kuyeyusha lami. Chupa zote ziliisha kabla ya saa tano asubuhi.

Jumanne, Septemba 2

Mwalimu ametuagiza tuandike mapishi kwa vipimo, ili hata mgeni akipika itoke ile ile.

Hapo ndipo penye kazi. Kila achari inapokaribia kuiva, Mama Mkubwa huinua kichwa na kusema, "Earline, kaangalie nani yuko mlangoni." Hakuna aliyebisha hodi. Mimi najua hakuna, na yeye anajua kwamba najua. Nakwenda, nafungua, natazama barabara tupu, narudi, na achari imeshakuwa achari. Nina miaka hamsini na minne. Nimekwenda mlangoni tangu nina sita.

Jumatano, Septemba 3

Nimemwomba. Amesema, "Mapishi gani? Wewe si unapika na mimi kila siku?" Kisha akanituma mlangoni. Hapakuwa na sufuria motoni.

Jumanne, Septemba 9

Somo la bei. Kumbe kwa miaka tisa nimekuwa nikiwauzia watu kazi yangu bure, nikilipwa chupa na kabichi tu. Nimekasirika kwamba somo lilikuwa zuri. Ningefurahi zaidi kama lingekuwa upuuzi.

Jumamosi, Septemba 13

Makubwa. Mama Mkubwa amenipa karatasi. Ameandika kwa mkono wake, herufi zimelala, kila kitu na kipimo chake. Nikambusu paji la uso.

Naandika haya huku nikiwa na shaka. Kanisani kwetu mwanamke akikupa mapishi yake, ujue kuna kitu kimoja amekibakiza nyumbani. Dada Ozella Crump alimpa mke wa mchungaji mapishi ya keki yake mbele ya watu wote, na mpaka leo keki ya mke wa mchungaji inazama katikati. Hatuiti uongo. Tunaita kujistahi.

Lakini mimi ni damu yake.

Jumanne, Septemba 23

Nimepika kwa kufuata karatasi, peke yangu, nukta kwa nukta. Rangi ipo, harufu ipo. Nikaonja, nikangoja ule ukali unaokushika nyuma ya taya mpaka jicho moja linafumba. Haikuja. Amenifanyia mimi kama Ozella alivyomfanyia mke wa mchungaji!

Nikampelekea kijiko. Akaonja, akasema, "Mkono wako bado mdogo."

Mkono wangu umelisha watoto mia nne kwa siku.

Jumanne, Septemba 30

Leo sikumwendea kwa upole. Nilimwambia, "Mama Mkubwa, kuna kitu hakimo kwenye ile karatasi."

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. "Hao watu wako wanataka yaandikwe ili wayafanyie nini?"

"Ni sharti la ruzuku."

"Bi. Whitlow naye alikuwa na masharti."

Jina hilo nimelisikia maisha yangu yote, ila habari yenyewe leo ndiyo kanihadithia mpaka mwisho. Bibi yangu Mozelle alipika kwa Bi. Whitlow, mzungu, miaka kumi na saba, kule Mississippi walikotoka. Mwaka 1951 huyo Bi. Whitlow akapeleka chupa sita za achari kwenye maonyesho ya wilaya, zimepikwa na bibi yangu, zimefungwa na bibi yangu, akaandika jina lake. Akashinda utepe wa bluu, ule wa mshindi wa kwanza. Bibi yangu akatumwa kuupiga pasi ule utepe ili utundikwe vizuri ukutani. Kuupiga pasi!

"Na mtoto wa Bi. Whitlow wa miaka mitano," Mama Mkubwa akasema, "alikuwa anamwita mama yangu 'Mozelle.' 'Mozelle, nifunge kiatu.' Mama alikuwa mtu mzima, kaolewa kanisani, ana watoto wanne. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwita Bi. Tate, mpaka tunamzika. Wakaleta shada la maua limeandikwa 'Kwa Mozelle wetu.' Wetu!"

Akasukuma bakuli la maharage. Mimi nikalivuta nikachambua kwa hasira, kana kwamba mambo hayo yametokea jana mtaa wa pili. Sikumwuliza tena kuhusu karatasi.

Jumanne, Oktoba 7

Sijui nianzie wapi.

Leo lilikuwa somo la lebo. Mfuko umewalipa wachoraji wa kisasa watutengenezee kila mmoja lebo yake. Cleophus akapewa kambare mwenye miwani, akafurahi. Yangu ikawekwa ukutani kwa ile mashine ya mwanga: mwanamke mweusi mnene, kilemba kichwani, aproni, meno yote nje, ameshika chupa. Chini wameandika, "Achari ya Bibi Mpendwa."

Cleophus akasema polepole, "Lo. Huyu tumeshawahi kumwona."

Nikasimama. "Huyu ni nani?"

Mwalimu Broadnax akarekebisha tai. "Dada Suggs, ni sura inayoleta hisia ya nyumbani. Utafiti unaonyesha wanunuzi wa maduka makubwa..."

"Nyumbani kwa nani?"

"Sikiliza..."

"Hapana, wewe nisikilize! Bibi yangu alikuwa mwembamba kama ufagio na hakucheka na watu asiowajua. Miaka mia wazungu wametuchora hivi kwenye makopo yao na maboksi yao, tunacheka, tunacheka, kana kwamba kupikia watoto wa wenzako huku wako wana njaa ni sherehe. Waliichora wao, sawa, nilijua wanaichora wao. Lakini wewe, Broadnax! Wewe una mama!"

Nikachukua mkoba wangu. Mlangoni nikageuka, maana nilikuwa na kingine, nikamwambia hiyo tai yake imepinda. Haikuwa imepinda.

Jumatano, Oktoba 8

Nimemweleza Mama Mkubwa. Akasema, "Unaona? Na bado unataka niwaandikie."

Jumanne, Oktoba 14

Sikwenda. Mvua kutwa nzima.

Jumamosi, Oktoba 18

Asubuhi hodi ikabishwa, na safari hii kweli alikuwepo mtu. Mwalimu Broadnax, kofia mkononi, hana tai. Nilitaka kumfungia. Mama Mkubwa akaita kutoka jikoni, "Ni nani?"

"Ni yule wa lebo."

"Mlete nimwone."

Akamkalisha, akamtazama kama anavyotazama nyama buchani. "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Broadnax wa wilaya ya Haywood, mama. Upande wa mama ni kina Maclin."

"Maclin wa duka la pai? Mama yako ni Lutie?"

"Ndiye, mama."

Ikabidi nimwekee kahawa, maana mtu akishajulikana kwao humfukuzi tena. Yeye akazungusha kofia magotini. Alisema mama yake alikuwa na mkahawa wa pai, watu wanapanga foleni hadi nje. Siku moja akaja mkaguzi akauliza makaratasi: vipimo vya maabara, leseni ya jiko, mapishi yaliyoandikwa. Hakuwa nayo, na hakuna aliyewahi kumwambia yanahitajika. Wakafunga siku hiyo hiyo. Mzungu wa jirani, mwenye makaratasi, akafungua mkahawa wa pai pale pale.

"Ndiyo maana nafundisha makaratasi," akasema. "Nimeyafundisha mpaka nikaanza kuona makaratasi tu. Ile picha niliipitisha mimi mwenyewe, Dada Suggs. Niliona namba za mauzo, sikumwona mama yangu. Naomba radhi."

Mama Mkubwa akamuuliza, "Na mapishi yakiandikwa, nani anayachukua?"

"Hakuna. Sheria inataka majina ya viungo kwenye lebo, basi. Vipimo ni siri yenu. Watu wa maabara wanatia sahihi, wakivitoa nje unawashtaki. Hata mimi sina haja ya kuviona."

Nilijikuta nimekasirika upya, ila si kwa Broadnax. Sheria ya kulinda siri ya mpishi ipo! Wenye viwanda wanaitumia kila siku. Bibi yangu amekufa hajui, Lutie Maclin amefungiwa hajui, na sisi tumeishi miaka sabini tukijilinda kwa kutumana mlangoni. Nani alikaa na elimu hii wakati wote huo?

Mama Mkubwa alimfungia mkate wa mahindi wa njiani.

Jumatatu, Oktoba 20

Nimepeleka maabara chupa nilizopika kwa ile karatasi. Ndiyo niliyonayo.

Alhamisi, Oktoba 30

Imekataliwa. Barua inasema achari haina ukali wa kutosha, vijidudu vinaweza kuota ndani ya chupa, isiuzwe dukani. Nimebakiwa na jaribio moja.

Nimempigia Mwalimu. "Kwa hiki kiasi cha siki," akasema, "mlitakiwa muwe mmeugua zamani. Mmekuwa mkiuza miaka tisa na hajaugua mtu. Kuna kitu humo kinafanya kazi, Dada Suggs, na hakipo kwenye karatasi."

"Unafikiri sijui?"

Jumapili, Novemba 2

Baada ya ibada redio imetangaza jalidi, ile baridi ya barafu, usiku wa Jumanne. Ikishuka, nyanya zote zilizobaki bustanini zinaoza kwa asubuhi moja.

Jumanne, Novemba 4

Leo nimegombana na mtu wa miaka themanini na minne, Mungu anisamehe.

Tulikuwa bustanini tangu mchana, tunavuna kila nyanya iliyobaki, hata za ukubwa wa gololi. Upepo ulikuwa umeshageuka, vidole vinauma. Cleophus alikuja na makreti yake ya kambare, yameoshwa lakini yananuka kidogo, akabeba zote mpaka barazani, akaondoka kuwahi somo. Mimi nilibaki.

Nikamwambia, "Mama Mkubwa, hizi ndizo za mwisho. Tuna jaribio moja. Kesho kutwa mwaka umekwisha, na sufuria anapewa mwingine."

"Apewe."

"Na wewe ukiondoka? Utaondoka nayo?"

"Mama aliniachia niilinde."

"Unailinda dhidi ya nani? Bi. Whitlow kaoza! Mimi ndiye niliye hapa. Mimi ndiye unayenifukuza jikoni miaka arobaini na nane. Yeye aliiba achari, sawa. Lakini wewe unataka kuizika, na ukiizika, yeye ameshinda utepe mara ya pili!"

Alikuwa ameshika nyanya moja. Aliigeuza mkononi, akaifuta udongo kwa aproni, akaiweka kwenye kreti pamoja na nyingine. Akaingia ndani. Nilibaki nje mpaka miguu ikafa ganzi, nalia kwa hasira, na kwa aibu, na kwa sababu nyanya zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia.

Jumatano, Novemba 5

Jalidi imeunguza mashina yote, meusi. Mama Mkubwa hajaitikia salamu yangu.

Jumapili, Novemba 9

Bado tunapitishiana chumvi bila maneno. Lakini usiku nilisikia anakata kabichi.

Jumanne, Novemba 11

Jaribio limefanyika leo, jiko la kanisa, lenye leseni, tulilokodi kwa siku moja. Sikumwomba aje. Nilipotoka na makreti nilimkuta ameshakaa kwenye gari, kofia ya kanisani kichwani, mkoba mapajani.

Mwalimu Broadnax alikuwepo kushuhudia usafi na joto la sufuria. Tukapika. Mama Mkubwa alikoroga kwa mwiko wa bibi yangu. Mvuke wa siki ukajaa. Manjano yakashika. Nikaijua ile dakika, maana mwili wangu wenyewe ulianza kuelekea mlangoni.

Akainua kichwa. "Kijana wa Lutie."

"Naam, mama."

"Kaangalie nani yuko mlangoni."

Broadnax akatazama mlango, akanitazama mimi. "Sijasikia hodi..."

"Nimekuambia kaangalie."

Akaenda. Nami nikavua aproni nimfuate, kama ilivyo ada. Nikasikia nyuma yangu, "Earline. Wewe baki."

Nikafunga tena aproni. Nikarudi kwenye sufuria.

Akafungua mkoba. Akatoa leso, ndani ya leso pakiti sita za unga wa juisi ya limau. Ile ya watoto! Ile ya vijisenti, isiyo na sukari, ambayo kila duka la kona linaitundika karibu na peremende. Akazipasua moja moja, akamimina, akakoroga. Kisha akakaa chini, amechoka.

"Hicho tu?" Niliokota pakiti tupu nikaisoma.

"Hicho tu. Malimau yalikuwa ya wazungu. Siki ilikuwa ghali. Mama akaona sisi watoto tunalamba ule unga mpaka macho yanafumba, akasema, ukali ni ukali."

"Na ukaficha miaka yote kwa sababu ya pakiti?"

"Nilificha kwa sababu aliniambia nifiche." Akafuta mikono. "Baada ya ule utepe, Bi. Whitlow akataka kuuza mwenyewe. Akamwambia Mama amwandikie. Mama akamwandikia kila kitu, akaacha hiki. Chupa zake zote zikatoa povu, vifuniko vikaruka mpaka kwenye pazia. Akawa anakuja jikoni ghafla ghafla, aone Mama anatia nini. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Mama akawa ananiambia, 'Verdell, kaangalie nani yuko mlangoni.' Nasimama pale. Nikimwona anakuja, nakohoa."

Akanitazama. "Sikuwahi kukufukuza, mtoto. Nilikuweka mlinzi."

Nililia ndani ya aproni, nayo ina vitunguu, ikawa balaa juu ya balaa. Broadnax alibaki mlangoni dakika ishirini nzima. Alipoitwa akasema hajapita mtu yeyote, na Mama Mkubwa akamwambia, "Vizuri. Umefanya kazi."

Baadaye nilimwambia Mwalimu kitakachoandikwa kwenye orodha ya viungo. Ule unga karibu wote ni asidi ya limau, akasema. Ndicho hasa wenye viwanda wanachonunua kwa magunia. Alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Alhamisi, Novemba 20

Imepita! Siku moja kabla ya mwisho. Sufuria inakuja Desemba.

Jumatano, Novemba 26

Kesho ni Sikukuu ya Shukrani. Sina nafasi ya kuandika, pai za viazi vitamu ziko ndani ya oveni, lakini hili lazima niliweke.

Lebo ilichapishwa Jumamosi. Haina picha. Mama Mkubwa ndiye aliyeamua yaandikwe nini, nasi hatukubishana naye. Ni herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe, kubwa, zinasomeka toka ng'ambo ya barabara.

Saa nne asubuhi simu ikaita. Ni meneja wa duka moja kubwa la upande wa mashariki ambaye Mwalimu alimpelekea chupa. Mzungu, sauti ya haraka. Mikono yangu ilikuwa na unga, Mama Mkubwa akapokea, nikabonyeza kipaza sauti.

"Halo, nataka kuagiza ile achari. Ya Mozelle."

Mama Mkubwa akavuta kiti, akakaa. "Ya nani?"

"Mozelle. Si ndiyo hii?"

"Unayo chupa hapo mbele yako?"

"Ninayo."

"Soma jina."

"Mozelle Ta..."

"Anzia mwanzo, mwanangu. Kuna neno umeliruka."

Nilimsikia akigeuza chupa.

"Achari ya Bi. Mozelle Tate," akasoma.

Mama Mkubwa alifumba macho. Alikaa hivyo kitambo, simu mkononi, mpaka yule bwana akauliza kama bado yupo.

"Nipo," akasema. "Haya. Sasa niambie, unataka ngapi?"